Kofia ya Upanga Iliyozeekea Edgware Road

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa benchini kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimepewa birika la fedha lililokwisha kung'arishwa nilipeleke kwa mfungaji wa visanduku, nami nikafanya kama alivyonifunza baba yangu: nikalipitishia dole gumba kuanzia kifunikoni mpaka kitakoni, kuona kama limelainika sawasawa. Msimamizi wa benchi, mzee wa Kiingereza mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku, akaninyang'anya. Akaliinua kwenye taa na kunionyesha alama ya kidole changu ubavuni mwa birika. "Kitu hakitoki mlango ule kikiwa na alama ya kidole," akasema. "Cha mtu yeyote." Nikapelekwa nyuma kuosha mitungi ya asidi, na huko nikakaa msimu mzima.

Nayaandika haya kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku, maana kila nikisema nilikuwa mfua fedha wanadhani nilikuwa na duka la bangili. Bangili nimezifua, sikatai. Lakini nimefanya kazi nyingine ambayo naijivunia zaidi, na nisipoisema mimi hakuna wa kuisema.

Nyumbani Unguja baba yangu alikuwa na kibanda Sokomuhogo. Kazi yake kubwa ilikuwa majambia: kuivika mipini fedha, kusokota nyuzi za fedha na kuzipanga juu ya ala mpaka pasibaki pa kutia sindano. Alikuwa na tupa za kila namna na msasa wa kila ulaini, lakini hakimu wa mwisho alikuwa dole gumba. Akisema jicho hupumbazwa na mng'aro, kidole hakipumbaziki. Akikupapasia kazi yako huku anatazama njiani, ukimwona amesita, ujue hiyo kazi inarudi motoni.

Baada ya Mapinduzi jambia halikuwa tena kitu cha mtu kutoka nacho harusini. Waliokuwa nayo waliyaficha, wengine waliyatumbukiza visimani, na fundi wa majambia akabaki kutia viraka sufuria. Baba akanambia nende London kwa mjomba wangu. Waingereza, akasema, wana vyombo vya fedha vingi na hawana usingizi mpaka ving'are. Nilimwacha amekaa kibandani mwake, tupa mkononi. Sikumwona tena, na hilo likinijia hadi leo moyo huniuma.

Karakana ile ya kwanza ilikuwa Clerkenwell, mtaa wa mafundi saa na watengeneza vito. Nilipotolewa kwenye asidi nilipandishwa kwenye magurudumu, yaani miviringo ya kitambaa inayozungushwa kwa mota, unayoipaka unga mwekundu na kuibandika kazi mpaka uso wako uuone ndani yake. Kutoka hapo nikapelekwa chumba cha kuchovya. Kuchovya ni kuivika fedha ngozi nyembamba ya dhahabu kwa nguvu ya umeme: unaitumbukiza kazi katika maji ya dawa, unafunga waya, na dhahabu inahama yenyewe kuifuata. Ngozi hiyo ni nyembamba sana, na anayeisugua bila ya akili huishia kwenye fedha tupu. Kote huko nilivaa glovu za pamba. Msimamizi wangu alipostaafu alinipa jozi yake mwenyewe, zimefuliwa na kupigwa pasi, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Nikahamia Tooting, kusini mwa London, kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza nakala za vitu vya kale kwa ajili ya makumbusho, maigizo na watu wenye mapenzi yao. Mwenye karakana alikuwa bwana mrefu, mwembamba, aliyeirithi kazi kwa baba yake na aliyeogopa kuliko kitu chochote kuambiwa kwamba kazi imeshuka tangu mzee afe. Chini yake alikuwapo mhunzi, mtu wa Wales, anayefua chuma siku nzima na kusema maneno mawili, moja asubuhi na moja jioni. Wa tatu nilikuwa mimi, na baada ya miaka nikafanywa msimamizi wa umaliziaji. Mtoto wa Sokomuhogo akaitwa Mista na Waingereza watupu. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa basi huku nacheka peke yangu.

Sasa nieleze upanga unavyoagizwa, maana watu wanadhani unanunuliwa kama kisu cha jikoni. Mteja huja kwanza kuzungumza. Huulizwa anataka upanga wa zama gani, na kama ni wa kutundikwa ukutani, wa kuigizia au wa kushikwa. Kisha fundi huchonga upanga wa mbao na kuufunga madini ya risasi uwe mzito, mteja aupime mkononi. Huo ukikubaliwa ndipo mhunzi huwasha moto. Anayetaka upanga kesho hupewa chai na kuonyeshwa njia ya kituo cha treni.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu mkuu mstaafu wa skuli ya kijijini, amevaa koti zito na kushika fimbo nyeupe. Macho yake yalikuwa yanafunga. Mwangaza aliuona, watu aliwaona kama vivuli. Alikaa mbele ya mwenye karakana akaeleza. Alipokuwa mtoto baba yake alikuwa akilima, na jembe la trekta likafukua upanga wa zama za wale wafalme wadogo wadogo wa Kiingereza, kabla hawajawa na mfalme mmoja. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, lakini kofia ya mpini, yaani kile kichwa chake cha juu, ilikuwa ya fedha iliyovikwa dhahabu, nzima. Yeye ndiye aliyeifuta udongo kwa aproni yake. Siku zile chache kabla ya upanga kuchukuliwa alizunguka nao nyumbani, mkono umelala juu ya ile kofia.

Ulipelekwa makumbusho hapa London, ukawekwa nyuma ya kioo. Kila mwaka alipanda treni kuja kuutazama, na sasa kutazama hawezi. Aliomba atengenezewe nakala ya upanga ulivyokuwa mpya, aushike kwa muda atakaokuwa hai, kisha uende skulini kwake watoto waushike.

"Macho yangu siwezi kuyategemea kuujua," akatwambia. "Mkono wangu utaujua. Usipoujua, nitasema."

Mwenye karakana akameza mate. Mimi nilimpenda bibi yule papo hapo, kwani nilimsikia baba yangu.

Neno kofia nililianzisha mimi. Juu kabisa ya mpini wa upanga hukaa kichwa cha madini kinachouzuia mkono usichopoke na kinachouvuta uzito urudi nyuma. Cha upanga ule kilikuwa na umbo la kofia iliyobonyezwa pande mbili, basi nikakiita kofia, na mwisho karakana nzima, pamoja na yule mtu wa Wales, ikawa inasema kofia.

Mhunzi alifua bapa kama walivyofua wazee wao: akachukua vyuma virefu vya aina mbili, kigumu na laini, akavisokota kama kamba ya usumba vikiwa vyekundu, akavipanga ubavu kwa ubavu na kuvipiga mpaka vikawa kitu kimoja. Tulipopaka asidi nakshi ikatoka katikati ya bapa, mfano wa miiba ya samaki. Ala ilikuwa ya mbao na ngozi, ndani imetandikwa ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, maana mafuta ya manyoya huzuia kutu. Mimi nikachukua kofia. Makumbusho walitupa mfano wake wa plasta, na mtunzaji wao, kijana mpole, akanionyesha kwamba upande mmoja nakshi yake ya nyoka waliosokotana imefifia kabisa. Alisema mwenye upanga alikuwa na tabia ya kulaza kiganja pale akisimama. Nikacheka, nikamwambia kwetu kila mzee mwenye jambia ndivyo asimamavyo, na mpini wake huliwa upande huohuo. Tukabaki tunatazamana, tumefurahi kama watu waliogundua kwamba ni ndugu.

Nilimwuliza mwenye karakana kama na sisi tuifanye kofia iliyoliwa. Akakataa. Bibi ametaka upanga ulivyokuwa mpya, akasema, na fundi wa zama zile hakuutoa umeliwa. Halafu hapa hakitoki kitu kinachoonekana kimetumika. Hoja yake ilikuwa na miguu miwili, sikuweza kuiangusha. Nikafua kofia, nikachonga nyoka wake mmoja mmoja, nikaichovya, nikaing'arisha. Nasema kweli, ilikuwa nzuri.

Kofia hufungwa mwisho. Ule mkia wa chuma wa bapa hupita katikati ya mpini, hutokeza juu, na ukishagongwa ukatanuka hakuna kufungua tena. Kwa hiyo kabla ya kugonga, mteja huitwa aushike upanga. Bibi akaja. Tukampa. Aliupima uzito, akatikisa kichwa kukubali. Aliuliza nakshi ya bapa, mhunzi akamshika kidole akampitisha juu yake, na bibi akatabasamu. Kisha akaushusha upanga ubavuni, akalaza kiganja juu ya kofia, na dole gumba lake likaanza kutafuta. Lilikwenda, likarudi, likaenda tena.

"Mzuri sana," akasema. Akaulaza mezani taratibu. "Lakini huu haujapata kushikwa na mtu."

Mwenye karakana alijaribu kumweleza habari ya upanga mpya na upanga wa zamani. Bibi alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema anaelewa, kosa ni lake, aliomba kitu kipya wala hakujua kwamba alichokuwa akikitaka ni pale mahali pa kidole. Alifunga vifungo vya koti lake mwenyewe, akakosea kimoja. Nilipomwona anaondoka na kifungo kile kombo nilisikia uchungu kama niliyefiwa.

Mwenye karakana akasema tupige tupa. Nikachukua kipande cha fedha, nikajaribu, nikamwambia afumbe macho apapase. Tupa huacha ubapa. Kidole kinafika pale kinaambiwa simama. Mkono wa mtu hauli hivyo. Unakula polepole, mwanzo wake haujulikani wala mwisho wake. Hilo alilikiri mara moja, maana alikuwa fundi, ingawa mwoga. Akaniuliza basi tufanye nini.

"Nipe kofia niende nayo," nikamwambia. "Nitaitia mfukoni mpaka izeeke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapoijua."

Akautazama mfuko wangu. Kazi ya dhahabu na fedha kutoka mlangoni bila ya kisanduku, mfukoni mwa fundi, tena ili ikasuguliwe! Baba yake angefufuka. Akasema, "Kabla ya Krismasi," akageuka haraka asije akabadili nia.

Nikaanza. Ndani ya basi, dukani, nikisubiri chai ichemke, dole gumba lilikuwa kazini. Binti yangu, anayekisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwa nini naiharibu kazi yangu mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa dhahabu ilianza kupauka kidogo pale juu, basi. Dole moja halitoshi. Upanga ule ulishikwa na baba, akaurithi mwana, labda na mjukuu. Nilihitaji ukoo.

Ukoo nilikuwa nao. Kila Jumamosi alasiri wazee wa Kizanzibari tulikutana mkahawani Edgware Road, kwa Mlebanoni mmoja aliyetuvumilia tukae mpaka magharibi kwa vikombe vichache vya kahawa. Lilikuwa baraza kamili: habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafa, na mjadala wa siasa uleule wa tangu tulipofika. Nikaitia kofia mezani, pamoja na kikopo cha majivu laini niliyoyachunga kwa kitambaa. Majivu kidogo kidoleni huila fedha bila ya kuikwaruza, na hiyo ni siri ya baba yangu, leo nimeitoa.

Bwana Hilali, aliyekuwa karani wa mahakama Unguja na mkubwa wetu kwa umri, akaipokea akaigeuza. "Hii ya nani, Nassor?"

"Ya mfalme wa Kiingereza, Bwana Hilali. Kafa zamani."

"Na sisi tuna kazi gani naye?"

Nikawaeleza yote: bibi, baba yake, jembe, macho. Nikawaonyesha upande wa kusugua, nikawaambia dole gumba tu, na upande wa pili usiguswe. Bwana Hilali akasema amezoea kusugua tasbihi, hii itamshinda vipi. Tangu siku hiyo kofia ikawa inazunguka meza. Ukitaka kusema, unaisugua unaposema. Ukimaliza, unampa mwenzio. Mjadala wa siasa ukawa na adabu ambayo haukuwa nayo tangu uanze. Maalim mmoja, aliyekuwa mkali sana katika habari za uchaguzi wa zamani, alijisahau akasugua upande usio wake kwa hotuba nzima. Tulimpigia kelele mpaka Mlebanoni akaja kuangalia kuna nini. Nilirudi kazini kuwachonga nyoka upya.

Jumamosi moja Bwana Hilali aliichukua, akakaa nayo kimya, zamu yake ikapita na zamu ya mwenzake pia. Hakuna aliyemdai. Mwisho akasema jambia la baba yake lilitiwa kisimani wiki ile ya Mapinduzi, kwa mkono wake mwenyewe, na mpini wake ulikuwa umeliwa hivihivi. "Nilidhani kidole kimesahau," akasema. Akanipa kofia, akafuta macho, akaagiza kahawa. Siku hiyo na mimi nilimlilia baba yangu mbele za watu, wala sikuona haya.

Hata baridi ilipoingia kofia ilikuwa imezeeka. Upande wa nje dhahabu ilikuwa imeondoka ikaacha fedha, vichwa vya nyoka vimelainika, na katikati palikuwa na bonde dogo ambalo jicho halikuliona vizuri lakini kidole kililala chenyewe. Niliirudisha kwa mwenye karakana. Alivua glovu yake, akaipapasa, akaufumba mkono. Alinipa nyundo, nikagonga mkia, na upanga ukafungwa.

Bibi alipokuja macho yalikuwa yamekwisha kufunga. Mhunzi alimshika mkono mpaka mezani, mimi nikamvika mkanda wa upanga kiunoni juu ya koti lake, kwa sababu aliomba asimame nao kama alivyokuwa akisimama utotoni. Akalaza kiganja. Dole gumba halikutafuta. Lilikwenda moja kwa moja likalala pale pake, na mabega ya bibi yakashuka kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha akauliza, "Nani ameushika huu?"

Mwenye karakana akaanza kusema msimamizi wetu wa umaliziaji. Nikamkatiza, Mungu anisamehe, mara moja tu katika kazi yangu yote. "Wazee wenzangu, bibi," nikamwambia. "Watu wa Zanzibar. Wa Edgware Road."

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Vizuri," akasema. "Basi umeshikwa na watu."

Nilifanya kazi Tooting mpaka nikastaafu. Nimemaliza vikombe vya makanisa, mataji ya wafalme wa maigizo na ngao za watu wasiopata kupigana hata na jirani. Vijana niliowafundisha niliwapa glovu, kisha nikawafundisha pia wakati wa kuzivua. Ukiniuliza fundi ni nani nitakwambia ni yule anayejua kazi inataka lipi kati ya hayo mawili, na wengi hufa wanajua moja.

Majira ya baridi yaliyopita binti yangu alinipeleka kwenye ile skuli ya kijijini. Bibi alikwisha fariki, na upanga uko pale kama alivyotaka. Siku za wageni hutolewa sandukuni, na watu hupanga foleni kuushika. Bwana Hilali pia ametangulia mbele ya haki, na Maalim, na karibu baraza lote. Nilisimama kwenye foleni nyuma ya watoto na wazazi wao, nikitazama kila mmoja akilaza kiganja na dole gumba lake likikuta pa kulala. Walikuwa wakipeana mikono na wazee wangu, hawana habari.

Zamu yangu ilipofika nilivua glovu. Nikampapasa Bwana Hilali, nikampapasa Maalim, nikampapasa na baba yangu ambaye hakufika huku. Nilipoinua mkono alama ya kidole changu ilikuwa imebaki juu ya fedha, inaonekana wazi, na hakuna aliyenifukuza.